Mbao Huoza, Chuma Hudumu? Muulize Aliyezama

Ukisubiri pantoni pale Feri na maongezi yakageukia meli zilizozama, hukosi kuambiwa kwamba mbao huoza upesi na chuma hudumu. Sivyo. Vasa, meli ya Uswidi, ilizama 1628 ikapandishwa 1961. Mwili wake wa mbao ulikuwa karibu mzima. Bolti za chuma ndizo zilizokuwa zimeliwa na kutu zamani.

Iliponea wapi? Bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo, na mdudu anayetoboa mbao haiwezi. Sisi wa pwani tunamjua. Fundi mmoja wa Kunduchi alikata ubao wa mashua mbele yangu: kwa nje vitundu kama vya sindano, ndani mifereji ya kupitisha kidole, kuta zake zimepakwa kitu cheupe kama chokaa. Watu humwita funza, kumbe ni jamaa ya chaza na kome. Gamba dogo lililo kichwani ndilo keekee yake, na bakteria walio kwenye matamvua yake humsaidia kumeng'enya unga wa mbao. Ndiyo maana wazee walipaka deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa, na wapo ambao hadi leo hukibabua chombo kwa moto wa makuti. Ubao uliofukiwa topeni, pasipo hewa, mdudu huyo haufikii.

Wengine hudhani kina kirefu ni kama friji. Titanic iko karibu mita 3,800 chini, gizani na kwenye baridi, na bado inaliwa. Kutu inaning'inia kama nta iliyochuruzika, na ndani yake wamo bakteria. Aina moja iliyotolewa humo iliitwa Halomonas titanicae mwaka 2010. Mifupa ya waliokufa haionekani, maana maji ya kina kile huyeyusha chokaa iliyomo. Viatu vipo. Ngozi iliyosindikwa kwa tanini, dawa ileile iliyomo kwenye magome ya mikoko yetu, haiwavutii walaji.

Mikoko inanikumbusha Rufiji. Manowari Königsberg ilizamishwa humo na Wajerumani wenyewe Julai 1915, baada ya kupigwa na Waingereza. Utaambiwa kutu ndiyo iliyoimaliza. Binadamu alitangulia: mizinga yake kumi mikubwa iliopolewa ikaenda kupigana nchi kavu, na mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Baadaye wakaja watu wa chuma chakavu. Tope likameza masalia.

Dhana inayonikera kuliko zote ni kwamba meli ikishapandishwa imepona. Chuma cha baharini kimejaa chumvi. Kikikauka bila dawa hupasuka na kumeguka vipande. Mbao nazo hujikunja. Vasa ilinyunyiziwa dawa miaka 17, kisha ikaachwa ikauke taratibu. Na zile bolti mpya za chuma walizoipigilia baada ya kuipandisha? Nazo zilishika kutu, ikabidi waanze kuzing'oa mwaka 2011.