Kikoa cha mtumba: soma historia yake kabla ya kulipa

Malalamiko yanayotufikia kuhusu majina ya kikoa (anwani za tovuti) yaliyonunuliwa kwa mtu mwingine yanafanana mno. Barua pepe za mnunuzi zinaishia kwenye folda ya taka, tovuti mpya haionekani Google, au wakili wa kampuni asiyoijua kamwandikia kudai jina. Karibu kila mara taarifa ambayo ingemwokoa ilikuwa wazi kwa umma kabla hajatoa pesa.

Tuanze na dhana inayotuchosha. Wakala wa usajili, yaani kampuni inayouza na kusajili majina, akikuonyesha kwamba jina lipo huru, amekuambia jambo moja tu: leo halina mwenyewe. Jana lilikuwa la nani na lilifanya nini, hilo halimo kwenye jibu lake. Kwa hiyo hata jina "jipya" lichunguzwe kama la mtumba.

Fungua lookup.icann.org, tovuti ya ICANN (shirika linaloratibu majina ya kikoa), andika jina, usome kumbukumbu za usajili. Kwa vikoa vya jumla kama .com, .net na .org, kumbukumbu hizo hutolewa kwa mfumo wa RDAP. WHOIS, mfumo wa zamani wa kazi hiyo, iliacha kuwa ya lazima tarehe 28 Januari 2025. Usitarajie kuona jina la mmiliki. Tangu sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika Mei 2018, sehemu hiyo mara nyingi hufichwa. Kufichwa huko si dalili ya utapeli, na tungeomba watu waache kutuandikia kana kwamba ni dalili.

Kinachowapotosha wengi ni tarehe. Tarehe ya kuundwa huhesabiwa tangu usajili uliopo sasa ulipoanza. Jina likiachwa likafutwa, kisha mwingine akalisajili, hesabu huanza upya. Jina la miezi 8 linaweza kuwa na miaka 12 ya uchafu nyuma yake. Kinyume chake, tarehe ya 2009 haina maana kwamba mmiliki ni yule yule, kwa sababu mauziano hayaigusi. Tarehe ya kuisha nayo ina mtego. Muda wa jina la .com unapokwisha, rejista (msimamizi mkuu wa majina yote ya .com) huongeza mwaka mmoja yenyewe, na wakala ana hadi siku 45 za kuamua kulifuta. Muuzaji anaweza kukuonyesha kwamba jina linaisha mwakani hali yeye hajalipa chochote.

Chini ya tarehe kuna misimbo ya hali, wakati mwingine maneno yake yakiwa yameachanishwa. clientTransferProhibited ni kufuli la kawaida ambalo muuzaji huliondoa kupitia wakala wake. clientHold maana yake wakala amelitoa jina kwenye DNS (mfumo unaoelekeza jina kwenye tovuti na barua pepe zake), pengine kwa deni, kwa taarifa za mmiliki kutothibitishwa, au kwa malalamiko. Uliza ni lipi na upate jibu la maandishi. serverTransferProhibited huwekwa na rejista: inaweza kuwa ulinzi wa ziada aliolipia mmiliki, inaweza kuwa mgogoro. serverHold, ambapo rejista yenyewe imelitoa jina kwenye DNS, usiipuuze kabisa. Usitoe hata malipo ya awali mpaka rejista yenyewe iiondoe. Kwenye redemptionPeriod, ambayo ni siku 30, mmiliki wa zamani peke yake ndiye anayeweza kulirejesha jina, tena kwa ada. Baada yake huja pendingDelete, siku 5 ambazo hakuna awezaye kulirudisha. Anayekuuzia jina lililo kwenye pendingDelete anakuuzia kitu asicho nacho.

Halafu nenda web.archive.org, hifadhi inayonakili kurasa za tovuti tangu 1996. Usiishie kwenye nakala ya kwanza na ya mwisho. Fungua walau moja ya kila mwaka, pamoja na zilizo kandokando ya kila pengo. Chukua jina ambalo nakala zake zinaonyesha duka la vitabu hadi 2015, kimya cha miezi 14, kisha duka lile lile linarudi na maandishi yale yale, ila chini ya ukurasa sasa kuna aya tatu za kasino na dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari. Huyo si mwenye duka aliyerejea. Kuna mtu alilidaka jina lilipofutwa, akarudishia kurasa za zamani ili viungo ambavyo watu waliwahi kuweka kuelekea dukani vimnufaishe yeye kwenye matokeo ya utafutaji. Google waliitaja tabia hiyo waziwazi katika sera zao dhidi ya taka za Machi 2024. Jina la namna hii bei yake huwa tamu, maana aliyelitumia ameshalikamua.

Kukosa nakala kwenye hifadhi si ushahidi wa usafi, kwa kuwa mmiliki anaweza kuomba tovuti yake iondolewe humo. Ndiyo maana tunashauri pia crt.sh, inayoonyesha vyeti vya usalama vilivyotolewa kwa jina, pamoja na tarehe na vikoa vidogo vyake. Ukikuta "login" au "secure" imeunganishwa na jina la benki mbele ya kikoa unachotaka kununua, kuna uwezekano mkubwa kilitumika kuiba nywila.

Orodha nyeusi, yaani za vikoa vilivyoripotiwa kwa taka au utapeli, hukaguliwa haraka: Spamhaus, SURBL, Safe Browsing ya Google, na VirusTotal inayokusanya majibu ya wengi. Kuomba kuondolewa Spamhaus ni bure, hivyo anayekutoza kwa kazi hiyo mkimbie. Kumbuka tu kwamba kampuni nyingi za barua pepe zina orodha zao za ndani usizoweza kuziona. Kuhusu Google, adhabu zilizowekwa na wakaguzi huonekana ndani ya Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, na ni mmiliki anayeingia humo. Mwambie muuzaji akuongeze kama mtumiaji wa kusoma tu. Picha ya skrini haitoshi. Kuichezea ni kazi ya dakika mbili. Pia pitisha jina kwenye hstspreload.org, orodha ya majina ya kufunguliwa kwa HTTPS (muunganisho uliosimbwa) pekee: likiwa kwenye orodha hiyo, vivinjari vitakataa kulifungua bila HTTPS, na kulitoa huchukua miezi hadi mabadiliko yawafikie watumiaji.

Sasa alama za biashara. "Nimelinunua kihalali kwenye mnada, ni langu" si utetezi. Chini ya UDRP, utaratibu wa ICANN wa tangu 1999 wa kutatua migogoro ya majina, mlalamikaji huthibitisha mambo matatu: jina linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya, wewe huna haki nalo, na lilisajiliwa na kutumiwa kwa nia mbaya. Nia hiyo hupimwa tangu siku wewe ulipolipata, hivyo umri wa jina haukulindi. Unapewa siku 20 kujibu. Ukishindwa, jina huhamishwa au kufutwa baada ya siku 10 za kazi, isipokuwa umefungua kesi mahakamani, na bei uliyolipa hairudishwi na mtu. Marekani kuna sheria zaidi, ambapo fidia huanzia dola 1,000 hadi 100,000 kwa kila jina. Utafutaji kwenye Global Brand Database ya WIPO (shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki) haulipiwi. Tafuta na maamuzi ya zamani ya UDRP. Jina lililowahi kugombaniwa linaweza kugombaniwa tena.

Baada ya hayo ndipo ulipe, kupitia huduma ya amana inayoshikilia pesa mpaka jina lionekane kwenye akaunti yako. Uliza kwanza ada ya mwaka wa pili, kwani baadhi ya majina ya thamani hutozwa bei kubwa kila mwaka. Uliza pia lilihamishwa lini mara ya mwisho: kwa kawaida wakala anaweza kukataa kulipeleka kwa wakala mwingine ndani ya siku 60.

Atakayeleta malalamiko aambatishe nakala ya kumbukumbu za RDAP iliyochukuliwa kabla ya malipo, mawasiliano yote na muuzaji, na stakabadhi ya huduma ya amana. Lalamiko lisilo na nakala hiyo ya kwanza ni gumu kulishughulikia, kwa sababu baada ya uhamisho kumbukumbu huonyesha hali mpya pekee.