Sifuri mbili za pwani

Nikisema kazi yangu ni kupima sakafu ya bahari na mwinuko wa pwani kwa ajili ya maandalizi ya tsunami, wengi hudhani ugumu uko kilindini. Kweli, sehemu kubwa ya sakafu ya bahari duniani bado haijapimwa kwa vyombo vya kisasa. Lakini jasho hunitoka kwenye maji ya kiunoni.

Tsunami huongozwa na kina. Penye mita 4,000 hukimbia takriban kilomita 700 kwa saa. Ikifika penye mita 10, mwendo hushuka hadi 36 hivi. Maji ya mbele yakipunguza mwendo, ya nyuma yanazidi kuja, na wimbi huinuka. Kosa la mita moja kilindini halina uzito. Kosa hilohilo ufukweni laweza kuamua kama shule imo kwenye eneo la mafuriko au haimo.

Na ufukweni ndipo vipimo vilipo haba. Meli yenye sonari, chombo kinachopima kina kwa mwangwi wa sauti, haithubutu kusogelea miamba. Leza ya kawaida ya ndegeni haipenyi maji. Ile ya kijani hupenya, mradi maji yawe maangavu. Rada za angani husoma vilele vya miti, hivyo msitu wa mikoko hugeuka kilima cha kuzuia wimbi. Hubaki utepe mtupu tunaoujaza kwa mashua ndogo, kwa mtu aliyelowa mpaka kifuani akishika kifaa cha satelaiti, au, nakiri, kwa kukisia kihesabu kati ya nukta mbili.

Kisha kuna sifuri. Chati za mabaharia huhesabu kina kuanzia maji ya kupwa sana, ili nahodha asiahidiwe maji yasiyokuwepo. Ramani za nchi kavu huanzia usawa wa wastani wa bahari. Penye bamvua kubwa, sifuri hizi huachana kwa mita kadhaa. Niliwahi kuunganisha chati na ramani bila kusawazisha sifuri zao. Nikaendesha modeli, yaani wimbi la kuigiza kwenye kompyuta, wimbi likavunjika mbali na nyumba, nikafurahi. Kumbe, kwa kusoma kina cha chati kana kwamba kinaanzia usawa wa wastani, nilikuwa nimejenga tuta la mita mbili chini ya maji, pwani nzima, na ramani ilivyopendeza!

Siku hizi, kabla ya kuendesha modeli yoyote, nachora mstari kutoka kilindini hadi vilimani na kuutazama kwa ubavu. Nikiona ngazi pale maji yanapokutana na mchanga, narudi kwenye sifuri.