Gesi Tunayo, Jua Tunalo: Kipi Kinapunguza Joto la Dunia?

Ukimuuliza mtu wa Mtwara kuhusu nishati, jibu la kwanza ni gesi. Si ajabu. Ya Songo Songo kule Kilwa iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu 2015 bomba linaisafirisha kutoka Madimba hadi Dar es Salaam. Lakini tukikutana na wananchi kwenye mafunzo, wengi huiweka gesi hiyo kundi moja na jua na upepo. Haimo.

Gesi asilia ni mabaki ya viumbe vya kale, na kisima kikikauka hakijai tena. Ikichomwa kuzalisha umeme hutoa takriban nusu ya hewa ya ukaa inayotolewa na makaa ya mawe. Ni nafuu kubwa, na kwa mama anayepuliza kuni jikoni ni nafuu zaidi. Hata hivyo, kaboni iliyokuwa imelala chini ya ardhi inapanda angani, na gesi ikivuja kabla ya kuwaka, methani iliyomo hunasa joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa kwa kipimo cha miaka 20.

Kabla ya enzi ya viwanda, kila chembe milioni za hewa zilikuwa na takriban chembe 280 za hewa ya ukaa. Leo zimevuka 420. Hewa hiyo hupitisha mwanga wa jua, kisha huzuia joto la ardhini lisitoke. Bahari nayo inapata joto, na bahari yenye joto hulisha vimbunga. Sitasema kimbunga Hidaya cha Mei 2024, tulipokatikiwa barabara ya Somanga, kililetwa na hilo peke yake. Tabianchi haisomwi kwa tukio moja. Afrika nzima inachangia takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa inayotokana na nishati, na wanaouliza kwa nini sisi ndio tubebe mzigo wana hoja. Ila kwetu nishati jadidifu, yaani isiyokwisha kama jua na upepo, ina faida zake hata ukiliweka kando suala la dunia.

Jua tumelitumia siku zote: chumvi ya mabwawani, makopa juu ya paa, dagaa kwenye chanja. Kilichoongezeka ni paneli, na hapo ndipo fedha za watu zinapotea bure. Sisi tuko kusini mwa ikweta, takriban nyuzi 10, kwa hiyo paneli ielekezwe kaskazini na iinamishwe nyuzi 10 hadi 15. Nimeona nyingi zimegeuzwa upande wa barabara ili zionekane! Usiilaze bapa kabisa, vumbi litatuama. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, unga ule wa njano hutua juu ya kioo na umeme hupungua. Ifute kwa maji na kitambaa laini asubuhi kabla haijapata moto. Usiisugue kwa mchanga kama sufuria.

Paneli ya wati 100 hutoa takriban wati-saa 400 kwa siku ya jua zuri. Inatosha taa kadhaa, simu na redio, hata televisheni ndogo. Haipiki ugali. Muuzaji akikuambia inapika, ondoka.

Kwenye kupika kuna jambo lisilozungumzwa vya kutosha, nalo ni ganda la korosho. Katika kilo 100 za korosho ghafi, kiini ni takriban robo tu. Kilichobaki karibu chote ni ganda, na ganda linawaka vizuri. Viwanda vya kubangua hulichoma kwenye boila ili kupata mvuke wa kulainisha korosho nyingine. Kaboni yake mkorosho uliinyonya hewani juzi tu, kwa hiyo ikirudi hewani haiongezi akiba mpya kama ya kisimani. Bahati mbaya sehemu kubwa ya mavuno yetu huenda India na Vietnam yakiwa ghafi. Kuni zetu zinapanda meli pamoja na korosho.

Tahadhari: msilitie ganda bichi kwenye jiko la nyumbani. Lina mafuta makali, yale yanayochubua mikono ya wabanguaji, na moshi wake unawasha macho na kifua. Likikamuliwa mafuta kwanza, makapi yake yanaweza kutengenezwa mkaa mbadala. Na mkaa mbadala tunauhitaji, kwa sababu tanuri la kienyeji hula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, na msitu unaokatwa bila kuachwa uchipue haurudishi kaboni uliyoitoa.

Upepo wa kusi tunao, ila mtambo mdogo wa nyumbani siupendekezi kwa sasa. Kasi ya upepo ikipungua kwa nusu, nguvu inayopatikana hubaki sehemu moja ya nane, na mafundi wake ni wachache.

Mwisho, betri. Za risasi na tindikali hufa mapema zikimalizwa chaji kila usiku. Ziache na nusu. Ikifa, usiipasue wala kumwaga maji yake shambani. Iuze nzima kwa wanunuzi wa betri chakavu, na watoto wasiichezee.