Ya Mbwa Nayo Ikaguliwe

Siku hizi malalamiko yanayofika ofisini kwetu yanafanana: mtu amezuiwa kutoka na ndoo ya maini na mapafu kichinjioni, Kiamaiko au Dagoretti jijini Nairobi, naye anakuja juu, "Kwani nyama ya mbwa wangu pia inahitaji muhuri wa mkaguzi?" Ndiyo, inahitaji.

Tunajua mnawalisha mbwa nyama mbichi kwa nia njema, na hesabu ya 80, 10, 10 mmeikariri: asilimia 80 nyama, 10 mfupa, 10 viungo vya ndani, na nusu ya viungo iwe maini. Kwa kuanzia haina ubaya. Mbwa mzima wa kilo 30, akila asilimia 2.5 ya uzito wake, hupata gramu 750 kwa siku: nyama 600, mfupa 75, maini kama 37, na figo au wengu kiasi hicho hicho. Gramu 37 za maini ni kipande kidogo tu, si sufuria. Yakizidi siku baada ya siku, vitamini A hulimbikizana mwilini. Moyo, firigisi na matumbo huhesabiwa kama nyama, si viungo.

Kosa jingine liko kwenye mizani. Shingo ya kuku si mfupa mtupu. Mfupa wake ni kama theluthi moja tu. Anayetaka gramu 75 za mfupa apime zaidi ya gramu 200 za shingo, kisha apunguze kwenye zile 600 za nyama uzito wa nyama iliyo kwenye shingo hizo. Miguu ya ng'ombe huvunja meno. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, kwa hiyo mabaki ya nyama choma si ya mbwa.

Mwezi uliopita bwana mmoja alituletea mtoto wa German Shepherd wa miezi minne, miguu ya mbele imejipinda, hataki kushuka garini. Alikuwa akilishwa steki tupu, tena ya bei. Steki ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, basi mwili huichota kalsiamu kwenye mifupa yenyewe. Mwenye mbwa akauliza kama aongeze unga wa mifupa kwa kijiko. Hapana! Watoto wa mbwa wa aina kubwa hawana uwezo wa kuizuia kalsiamu iliyozidi, nayo pia huharibu mifupa. Chakula cha mbwa anayekua kipangwe na daktari wa mifugo.

Turudi kwenye ile ndoo. Mkaguzi hupapasa na kuchanja ini, mapafu na tezi. Akikuta vifuko vya maji, kiungo hukataliwa, huandikwa kwenye daftari, huharibiwa ili kisiuzike, kisha hutupwa shimoni au huchomwa. Kilichopita hutoka na hati ya usafirishaji, ndani ya chombo kilichoidhinishwa. Anayekipenyeza kilichokataliwa, hata kwa kisingizio cha "ni ya mbwa tu", anaweza kushtakiwa chini ya Sheria ya Kudhibiti Nyama, Sura ya 356, na aliyemuuzia pia.

Hatuwasumbui bure. Ndani ya vifuko vile mna vichwa vya tegu. Mbwa akivila, tegu wenye urefu wa milimita chache hukua utumboni mwake bila yeye kuonyesha dalili yoyote, na baada ya wiki sita hivi mayai huanza kutoka na kinyesi. Mayai hayo yakimezwa na mtoto wako, vifuko huota kwenye ini au mapafu yake, na mara nyingi tiba huwa ni upasuaji. Kugandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba huua vifuko, lakini hakuui bakteria kama salmonela, wala hakukifanyi kiungo kilichokataliwa kuwa halali.

Kama mbwa wako amekwisha kula viungo visivyokaguliwa, mlete apewe prazikwanteli, dawa ya tegu. Hatutakuuliza ulivitoa wapi. Kwa sasa, okota kinyesi chake ukiwa na glavu, na usimfungulie kwenye shamba la sukumawiki.