Kidenenda Hatambuliwi kwa Picha Peke Yake

Wiki iliyopita nilitumiwa tena picha kumi na mbili za ndege mdogo wa rangi ya udongo, zilizopigwa Nguuni, karibu na Mombasa, kwa kamera nzuri kweli, pamoja na swali ambalo nimelizoea: "Shikamoo mwalimu, huyu ni kidenenda gani? Picha ni safi kabisa." Nilipojibu kwamba siwezi kumtaja, mwenye picha aliniuliza kwa upole kama anitumie nyingine zenye mwanga zaidi. Imani hii, kwamba picha ikiwa safi jina halikosi kupatikana, inawapotosha watu wanaowapenda ndege wetu kwa dhati, nami nimechoka kuisahihisha kwa mtu mmoja mmoja.

Videnenda ni jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Cisticola, yenye spishi zinazokaribia 50, nyingi mno zikiwa za Afrika, na wengi wao wamevaa sare moja: mgongo wa hudhurungi wenye michirizi, tumbo lililofifia na utosi uliopiga wekundu. Ndege anayeishi na kutaga majanini, huku mwewe na kunguru wakimwinda, hana faida ya kujipamba. Kwa hiyo dume hujitangaza kwa sauti, na majirani zake humjua kwa sauti hiyo hiyo. Wao wenyewe hutambuana kwa masikio, nasi tunang'ang'ania macho.

Manyoya nitayapitia haraka. C. juncidis (hiyo C. ni kifupi cha Cisticola) ni mdogo sana, na mkia wake mfupi una ncha nyeupe zinazoonekana akiuchanua. C. brachypterus naye ni mdogo, ila michirizi ya mgongo wake haikukolea. C. chiniana ana umbo kubwa zaidi na mdomo wenye nguvu. Hayo ni kweli na hayatoshi, kwa sababu dume huwa mkubwa kuliko jike, makinda huwa na umanjano, na jua huchakaza manyoya hata ndege yule yule, akishayabadili, unamdhania mwingine.

Sasa msikilize. Juncidis huimba akiwa hewani juu ya nyasi, akipanda na kushuka kama ngalawa kwenye mawimbi, na kwa kila wimbi hutoa mlio mmoja mkavu, kama mkasi wa fundi cherehani unaokata uzi: tsik, tsik, tsik. Brachypterus hukaa kwenye ncha ya tawi kavu na kutoa mlio mwembamba wa juu, unaorudiwa, kama kidole kinachopitishwa kwenye kioo kilicholowa; aliyepungukiwa na usikivu wa sauti za juu anaweza kusimama chini ya mti huo asimsikie. Chiniana husimama kileleni mwa kichaka, akafoka mara tatu au nne, chaa-chaa-chaa, kisha akamalizia kwa mtikisiko wa kayamba.

Hapa ndipo ninapoomba subira yenu, maana kosa kubwa lipo hapa. Watu huikamata kayamba na kuyaacha yale mafoko. Mtikisiko wa mwisho hubadilika kutoka dume hadi dume, na dume mmoja huweza kuubadilisha asubuhi moja, ilhali mafoko ya mwanzo hayabadiliki kwa kiasi hicho. Mtu hushtuka ndege anapoanza, hutafuta simu mfukoni, na anapobonyeza kurekodi amebakiwa na kipande kile kisichoaminika, kisha hukilinganisha na rekodi ya kwingine na kudai amepata spishi mpya. Subiri aimbe tena, ataimba. Wala usinirekodie mlio wa hofu ukiwa umesimama karibu na kiota chake, kwani milio ya hofu ya videnenda hufanana mno, na zaidi ya hayo unamtesa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1768 Gilbert White, kasisi wa Selborne huko Uingereza, alieleza katika barua kwamba ndege wadogo wa kijani waliodhaniwa kuwa wa aina moja walikuwa wa aina tatu, baada ya kuzifuatilia nyimbo zao. Mmoja wao, Phylloscopus trochilus, hutufikia hapa Pwani wakati wa baridi ya Ulaya, na mimi humjua kwa mlio wake laini, hu-wiit, kabla sijamwona.

Hata hivyo nakiri kwamba sikio nalo hukwama. Nje ya msimu wa kuzaliana madume hunyamaza kwa muda mrefu, na kuna siku nyingi ambapo daftari langu lina neno "kidenenda" tu, bila spishi. Sioni aibu kuliandika.

Nikarudia zile picha kumi na mbili. Katika ya saba ndege yuko juu ya mwiba, mkia umeinama, mdomo wazi kabisa, na ndani ya kinywa ni peusi, jambo linaloonekana kwa dume wa chiniana wakati wa kuzaliana, ingawa si kwake peke yake. Alikuwa akiimba. Nilimuuliza mwenye picha alisikia nini wakati ule. Alinijibu kwamba ndege alikuwa akipiga kelele tu, naye alingoja anyamaze ili asitikisike kwenye picha. Nimemwomba arudi kesho alfajiri kwenye mwiba ule ule, aiache kamera nyumbani, na aanze kurekodi kabla ndege hajafungua mdomo.