Vipele vya Sehemu za Siri kwa Wanaume: Kipi Kiachwe, Kipi Kipelekwe Hospitali

Kipele kinachomnyima kijana usingizi mara nyingi hakina neno, ilhali kidonda anachokipuuza kwa sababu hakiumi ndicho cha kuwahi hospitali. Maumivu si kipimo. Angalia umbo, mpangilio na mabadiliko.

Jichunguze baada ya kuoga, penye mwanga wa kutosha. Ukiona kwenye ukingo wa kichwa cha uume safu moja au mbili za vipele laini, vya rangi ya ngozi au vyeupe, vya milimita 1 hadi 3, vyote vinafanana na kila kimoja kimesimama peke yake, hivyo ni maumbile. Hujitokeza baada ya balehe, huonekana zaidi kwa wasiotahiriwa, na hufifia umri unavyosogea. Haviambukizi wala havitokani na zinaa au uchafu.

Kisha kaza taratibu ngozi ya uume kwa vidole viwili. Nukta za manjano zinazoonekana vizuri zaidi ngozi ikikazwa ni tezi za mafuta. Wengine wanazo hata midomoni. Zikiminywa hutoa kitu cheupe kizito, mtu akadhani ni usaha. Usiminye, utajitia kidonda bure. Kwenye mfuko wa korodani, hasa kwa watu wazima, huota pia vidoa vyekundu au vya zambarau iliyokolea. Hivyo ni vishipa vya damu vilivyotanuka. Kikikwaruzwa kikatoka damu, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunuafunua.

Vipele vya kinena huku kwetu Tanga vina chanzo kingine cha kawaida kabisa: wembe. Ukinyoa pakavu au kinyume cha uelekeo wa nywele, ncha hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, na joto na jasho la Pwani humalizia kazi. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, tumia wembe mpya usiochangiwa, nyoa kwa kufuata nywele zilivyolala. Kama vinarudi kila mara, punguza kwa mkasi au mashine.

Masundosundo ni jambo jingine. Hayajipangi: huanza moja hapa, mawili pale, yana ngozi ya kukwaruza, hukua na kushikana kama ua la koliflawa. Huletwa na kirusi cha papiloma na yanaweza kutokea miezi kadhaa baada ya kukutana na mwenye maambukizi, kwa hiyo usikimbilie kumtuhumu mwenza wa sasa. Usiyachome kwa asidi ya betri wala mafuta ya ganda la korosho. Yale mafuta huunguza ngozi nzima sawasawa na yenye ugonjwa, na kovu la uume halirekebishiki kirahisi. Krimu za mchanganyiko zenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) nazo zisipakwe ovyo: hukondesha ngozi na kuficha fangasi inayoendelea kusambaa.

Kaswende huanza na kidonda, mara nyingi kimoja, kigumu ukingoni, kisichouma, kati ya siku 10 na 90 baada ya kuambukizwa. Kikiachwa hupona chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwani ugonjwa umebaki mwilini. Malengelenge madogo yanayowasha na kuchoma, kisha yakapasuka kuwa vidonda, huashiria hapisi (herpes), ugonjwa wa kirusi. Vinundu vinavyowasha sana usiku, na wa nyumbani nao wanajikuna, ni dalili ya ugonjwa wa upele (skabisi). Hutibiwa nyumba nzima kwa pamoja.

Kwa wakazi wa ukanda huu wenye historia ya mabusha na matende: ngozi ya mfuko wa korodani ikinenepa na kutoa vilengelenge vinavyovuja majimaji meupe kama maziwa, hiyo huenda ni athari ya minyoo ya matende. Kapimwe. Korodani ikiuma ghafla na kuvimba usingoje asubuhi, maana iliyojisokota huanza kufa baada ya saa 6 hivi. Hapo nenda moja kwa moja hospitali yenye upasuaji, kama Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Tanga.

Kwa mengine, anzia kituo cha afya cha jirani: kidonda chochote, kipele kinachokua au kutoa damu, usaha, mitoki (tezi za kinena zilizovimba), au kisichopona kwa wiki 2. Usipake GV (dawa ya maji ya zambarau) kabla ya kwenda, rangi ile humficha mganga wa kituo anachotakiwa kukiona. Kipimo cha haraka cha kaswende ni tone la damu ya kidole, lakini siku za mwanzo kinaweza kusoma hasi; ukiambiwa urudi, rudi. Kaswende ya mwanzo hutibiwa kwa penisilini ya benzathini, uniti milioni 2.4 kwenye msuli, dozi moja. Jizuie kujamiiana mpaka kidonda kipone na mwenza atibiwe. Kama ni mjamzito, aende siku hiyohiyo, kwani kaswende humfikia mtoto tumboni.