Kijapani cha kwenye tamthilia: yanayosemwa na ukweli wake

Ninatembeza wageni Mji Mkongwe na kwenye mashamba ya viungo, na sehemu kubwa ya Kijapani changu nimeipata kwenye tamthilia: za familia, za skuli, za watu wanaopika na kula. Wenzangu wa kazi wakinisikia nikizungumza na mgeni huniuliza jina la tamthilia, kana kwamba dawa ni jina. Nawapa. Ukipita mwezi, wengi wao wameshaacha, wala si wavivu. Wameanza na mambo waliyoambiwa ambayo si kweli, na hayo ndiyo yaliyowakatisha tamaa. Haya ni yale ninayoyasikia mara kwa mara barazani.

"Tazama kwa wingi tu, lugha itaingia yenyewe"

Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana enzi zile sinema za Majestic na Empire zikijaa watu kwa filamu za Kihindi. Hadi uzeeni aliweza kuimba wimbo mzima, mwanzo mpaka mwisho, na pale penye kuliza sauti yake ilikatika. Lakini hakuweza kuomba maji ya kunywa kwa Kihindi. Alichokifuata ukumbini ni kisa na nyimbo, basi kisa na nyimbo ndivyo alivyorudi navyo nyumbani.

Ndivyo ilivyo kwa anayekesha na tamthilia ya Kijapani huku macho yameganda kwenye maandishi ya Kiingereza yaliyo chini ya kioo. Anasoma. Kama kuna lugha inayokua pale, ni Kiingereza. Sikio nalo linapata faida yake, silikatai hilo: linazoea mwendo wa sauti na linajua swali limeishia wapi. Maneno, hata hivyo, hayashiki kwa kupita tu.

Mimi nachukua onyesho moja lisilozidi dakika mbili. Mara ya kwanza naliangalia na maandishi, nijue nani kamkasirikia nani. Mara ya pili nayafunika maandishi kwa kipande cha boksi, nachukua daftari na kuandika kila sauti ninayoikamata, hata kama sijui maana yake. Kisha nasimamisha kila sentensi na kuitamka pamoja na mwigizaji, kwa kasi yake na kwa kupanda na kushuka kwake. Siku ya pili narudia onyesho lile lile. Siku ya tatu, narudia tena. Dakika mbili hizo hunimalizia saa nzima baada ya Isha, na hazili bando nyingi. Sehemu nzima ya dakika arubaini na tano naiweka kwa ajili ya kustarehe, na siihesabu kuwa ni somo.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalitazami kabla ya kuanza. Tamthilia za Kituruki tunazozipenda hapa nyumbani zimeshatiwa sauti za Kiswahili, na ndiyo maana hakuna aliyejifunza Kituruki kwazo. Hakikisha sauti ni ya Kijapani chenyewe.

"Maandishi ya chini yanasema kile kile anachosema mwigizaji"

Hapa ndipo penye hasara kubwa, na ndipo sisi Waswahili tunapoonewa bila kujua.

Mwandishi wa maandishi yale ana mistari miwili na sekunde chache. Lazima afupishe, na anafupisha kwa kufuata desturi za Kiingereza. Chukua neno *otsukaresama*. Limetokana na kitenzi cha kuchoka, *tsukareru*. Wafanyakazi huambiana hivyo wakionana kazini, wakiagana jioni, na hata wakinyanyua glasi baada ya kazi. Kiingereza hakina neno hilo, kwa hiyo maandishi yanasema mara "kazi nzuri", mara "kwaheri", mara "afya njema". Anayefuata maandishi anadhani amesikia mambo matatu. Mswahili akifunika maandishi na kusikiliza, atalitambua siku ya kwanza: hiyo ni *pole na kazi*. Tunalo neno lenyewe, na lina huruma ile ile ndani yake, tena tunalitamka mara kumi kwa siku.

Wala si hilo peke yake. Mtu anayefika nyumbani husema *tadaima*, na aliye ndani hujibu *okaeri*. Jibu hilo ni la lazima, kama vile shikamoo inavyodai marahaba. Usiposikia *okaeri* kwenye tamthilia, mtunzi anakwambia jambo: ama nyumba ni tupu, ama watu wamegombana. Na anayesimama kwenye mlango wa watu akaita *gomen kudasai* anapiga hodi, hakuna tafsiri nyingine inayohitajika.

Kuna onyesho moja ambalo nimelirudia mpaka nalijua kwa moyo. Bibi mmoja anafungua mlango, jirani yake kasimama nje na fungu la mboga. Bibi anasema *agatte kudasai*. Maandishi ya chini yanasema "karibu ndani", basi. Lakini *agaru* ni kupanda. Nyumba ya Kijapani ina kisehemu cha chini pale mlangoni ambapo viatu huvuliwa, na sakafu ya nyumba iko juu kidogo, kwa hiyo anayeingia anapanda kweli. Jirani anavua viatu, anavigeuza pua zielekee nje, kisha anasema *ojama shimasu*, yaani nakuja kukusumbua. Yote hayo yamo ndani ya sekunde nane. Mtu aliyekua kwenye nyumba ambayo viatu vinabaki nje haambiwi mara mbili kinachoendelea, ila akiwa anasoma chini, hakioni.

Kisha kuna mpangilio wa sentensi. Kitenzi cha Kijapani hukaa mwishoni, na ukanushi hukaa kwenye kitenzi. *Watashi wa sakana o tabemasen*: mimi, samaki, sili. Sisi tunakanusha mwanzoni kabisa, "sili samaki", na mwenye kusikia anajua mapema. Maandishi ya chini yanakupa jibu wakati mwigizaji bado yuko kwenye samaki, hivyo sikio halijifunzi kungoja. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama na mgeni Forodhani, nikasikia *sakana*, nikamwambia mchomaji aweke mshikaki wa jodari. Mgeni alikuwa bado hajamaliza sentensi. Alikula mkate na urojo usiku ule, kwa upole mkubwa, na mimi tangu hapo nimejizoesha kunyamaza mpaka nisikie kitenzi.

Maandishi ya Kiingereza yana kazi yake, nayo ni kukufikisha kwenye kisa. Yakishakufikisha, yazime. Mwenye kuanza kabisa atafute mafunzo yaliyotengenezwa na taasisi ya Japan Foundation yanayomhusu Erin, msichana wa kigeni aliyepelekwa kusoma sekondari Japani. Ni masomo 25, kila moja lina mchezo mfupi wa maisha ya skuli na nyumbani, na kwenye tovuti yake unaweza kuchagua maandishi ya Kijapani peke yake, kwa kanji (alama zilizotoka Uchina), kwa kana (herufi za silabi za Kijapani) au kwa herufi za Kilatini. Na redio ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, ina mafunzo ya kuanzia yanayoelezwa kwa Kiswahili. Ukianzia huko, hulazimiki kupitia Kiingereza.

"Kijapani ni kigumu kuliko lugha zote"

Wanaosema hivi mara nyingi wana takwimu mkononi: saa 2,200 za darasani. Takwimu ipo kweli. Imetoka kwenye chuo cha lugha cha wanadiplomasia wa Marekani, na inawahusu wanafunzi ambao lugha yao ya kwanza ni Kiingereza. Haikupimwa kwa mtoto wa Michenzani wala wa Wete.

Sisi tunaingia na mtaji. Irabu za Kijapani ni tano, a, i, u, e, o, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Silabi nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Hata ile *n* inayosimama peke yake, inayowatatiza wengine, tunayo kwenye *nne* na *nchi*. Vitenzi navyo hurefushwa kwa viambishi: sisi tuna kula, kulisha, kulishwa, wao wana *taberu*, *tabesaseru*, *tabesaserareru*. Mtu anayeelewa kwa nini "kulishwa" ni neno moja hana cha kuogopa pale.

Kinachotupita ni urefu wa sauti. *Obasan* ni shangazi au mama wa makamo. *Obaasan* ni bibi kizee. Mgeni wa miaka hamsini hafurahi ukimchanganya. *Kite* ni njoo, *kitte* ni stempu. Lakini na hapa tuna mwalimu wetu. Aliyesoma chuo cha Kurani utotoni amefundishwa kuhesabu madda, yaani kuvuta irabu, kwa harakati, yaani mapigo, na kuikaza herufi yenye shadda, na akikosea alirudishwa mwanzo wa aya. Irabu ndefu ya Kijapani huhesabiwa mapigo mawili, kama madda ya asili. Konsonanti iliyokazwa ni shadda. Nilipolifahamu hili nilikaa kitako, kwa sababu lilikuwa limelala ndani yangu tangu nina miaka sita. Hata Kiswahili chenyewe kinatuonya: *kufa* na *kufaa* hazifanani.

Kigumu cha kweli ni maandishi. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina 2,136, na tamthilia haikufundishi kuziandika.

"Anza na ile iliyovuma"

Tamthilia ya Oshin ilirushwa Japani mwaka 1983 hadi 1984, sehemu 297 za dakika kumi na tano kila moja, ikatazamwa nchi nyingi duniani. Ni kazi kubwa. Lakini Oshin ni mtoto wa kijijini Yamagata, mwanzoni mwa karne ya 20, na watu wake wanazungumza lahaja ya huko. Mjapani wa leo wa Tokyo haongei vile. Kumpa anayeanza ni kama kumpa Mjapani anayeanza Kiswahili shairi la Kitumbatu. Za mapanga ya zamani, za mahakamani na za hospitali nazo zisubiri. Tafuta mezani, jikoni, darasani, dukani, ambako maneno yale yale hurudi kila siku.

"Wanavyosema kwenye tamthilia, nawe sema hivyo hivyo"

Kijana mmoja hapa mjini, mwenye sikio zuri kunishinda, alimwita mgeni mzee *omae*. Alikuwa amelisikia mara mia kwenye visa vya wahuni na marafiki wa skuli, na maandishi ya chini yaliandika "wewe", si zaidi. *Omae* huambiwa mtu wa chini yako au rafiki mliyezoeana sana. Uso wa yule mzee ulibadilika, mkewe akatazama pembeni, na kijana mpaka jioni hakujua kosa lake.

Kiingereza kina "wewe" moja tu, ndiyo maana maandishi hayaonyeshi daraja hizi. Sisi tunazijua. Nani Unguja humwita mtu mzima "wewe" bila Maalim, bila Bi, bila Mzee? Wajapani nao huepuka kabisa neno la "wewe" kwa mgeni, hutumia jina lake na *-san* mwishoni. Na asiyejulikana jina huitwa kwa ujamaa, shangazi, mjomba, kaka, kama tunavyofanya sokoni Darajani. Kwa hiyo kila unaponakili sentensi kwenye daftari, andika pembeni nani anamwambia nani. Mtoto kwa mama? Mfanyakazi kwa bosi? Kwa mgeni, chukua zile zinazoishia *-desu* na *-masu*, ndizo za adabu, na sikiliza vizuri, kwani ile *u* ya mwisho karibu haisikiki. Jicho linasoma *desu*, sikio linasikia *des*. Lifuate sikio.

"Herufi zetu zinatosha, na tamthilia itanipitisha mtihani"

Herufi za Kilatini zinafaa wiki za mwanzo. Lakini kana ziko aina mbili, *hiragana* ni 46, *katakana* ni 46, na sisi tulizijua herufi 28 za Kiarabu kabla ya meno kung'oka. Kwa nusu saa kila siku, mwezi mmoja unatosha. Ukizijua, maandishi ya Kijapani yanakuwa msaada wako chini ya kioo, na unaweza kuona neno limeanzia wapi.

Mtihani wa Kijapani unaotambulika duniani una ngazi tano, N5 ya mwanzo mpaka N1. Unapima msamiati, sarufi, kusoma na kusikiliza. Tamthilia inakusaidia kwenye kusikiliza, na kwingine ni kitabu. Kuzungumza hakupimwi kabisa katika mtihani huo, hivyo wapo wenye cheti wanaoshikwa na kigugumizi mbele ya mgeni, na wapo wasio na cheti ambao jioni, mgeni akishuka kwenye mashua na kumwambia nahodha *otsukaresama deshita*, wanamgeukia nahodha na kumfikishia: anakwambia pole na kazi.